Mambo ya kuzingatia kabla ya kukoma hedhi: kwa wanawake wa Mtwara na Lindi

Kusini kwetu binti akivunja ungo hakosi mtu wa kumfundisha. Yupo somo wake, yupo kungwi, ziko siku za kukaa ndani na nyimbo za unyago zinazomweleza mwili wake kwa mafumbo mpaka ayaelewe. Mwanamke huyohuyo akifika miaka arobaini na kitu, mwili unabadilika tena kwa ukubwa uleule, na safari hii hafundishwi na mtu. Anabahatisha. Wanaobahatisha hukosea kwa njia mbili: kila joto la mwili wanaliita malaria, au kila badiliko wanaliita umri. Hilo la pili ndilo linaloniogopesha zaidi. La kwanza litakugharimu dawa uliyomeza bure, la pili linaweza kuficha saratani.

Maandalizi yaanze ukiwa na miaka 38 au 40, hata kama bado hujaona chochote. Kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na huhesabiwa kuwa imekoma pale tu inapotimia miezi 12 mfululizo bila damu. Kinachosumbua zaidi ni kipindi cha kabla ya hapo, ambacho kwa wengi huchukua miaka minne hivi na kwa wengine hufika minane au zaidi. Kwa hiyo mama wa miaka 42 ambaye mzunguko wake umeanza kuyumba hajazeeka kabla ya wakati, wala hajarogwa.

Muulize mama yako hedhi yake ilikoma akiwa na umri gani. Kama hayupo, muulize mama mkubwa au mama mdogo. Mabinti mara nyingi hukaribia umri wa mama zao katika jambo hili. Anayevuta sigara hutangulia kwa mwaka mmoja au miwili. Na kama uliwahi kupasuliwa tumbo bila kuelezwa vizuri kilichotolewa, tafuta karatasi zako sasa, usisubiri. Aliyetolewa ovari zote mbili, yaani vifuko vya mayai, huingia katika hali hii papo hapo, bila muda wa kuzoea. Aliyetolewa kizazi peke yake haoni damu tena, lakini ovari zake bado zinafanya kazi, hivyo atayajua mabadiliko kwa dalili nyingine. Hedhi ikikoma kabla ya miaka 40, jambo linalompata takriban mwanamke mmoja kati ya 100, nenda kwa daktari bila kungoja, kwa sababu mifupa na moyo vitakosa kinga ya estrojeni, homoni ya kike itokayo kwenye ovari, kwa miaka mingi mno.

Kisha tafuta kalenda. Ile ya ukutani inatosha, au daftari la mtoto lililobaki kurasa. Andika siku damu ilipoanza, siku ilipokatika, na kama ilikuwa nyingi au chache. Pembeni weka alama ya usiku ulioamka umelowa jasho, siku kichwa kilipouma, na siku hasira zilipokushika hata watoto wakakukimbia. Baada ya miezi kadhaa utaanza kuona mwenendo wako. Mizunguko ikianza kupishana kwa siku 7 au zaidi, mmoja siku 26 na unaofuata siku 35, na hali hiyo ikajirudia, mabadiliko yameanza. Ukifika mahali unakaa siku 60 au zaidi bila damu, kwa kawaida umebakiza mwaka mmoja hadi mitatu hedhi ikome. Anayetumia sindano ya miezi mitatu au kijiti hawezi kuzitegemea tarehe, maana uzazi wa mpango wenyewe hubadilisha damu au huikata kabisa. Yeye aandike joto, usingizi na hali ya moyo.

Nieleze kidogo kinachotokea ndani, kwa sababu mwanamke anayejua chanzo haogopi ovyo. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai milioni moja hadi mbili. Akivunja ungo yamebaki kama 300,000 hadi 400,000, na hedhi inapokoma hubaki yapata 1,000 tu. Yanapopungua, ovari haziitikii tena wito wa ubongo kwa utaratibu wa zamani. Ubongo unazihimiza kwa nguvu zaidi. Mwezi huu estrojeni inapanda kuliko hata ilivyokuwa ujanani, mwezi ujao inaporomoka. Wengi hudhani homoni hupungua polepole kama kibatari kinachoishiwa mafuta ya taa. Sivyo. Zinapanda na kushuka, na huko kupanda na kushuka ndiko kunakouchosha mwili. Katika miezi ambayo yai halipevuki, projesteroni, homoni nyingine ya kike, haitengenezwi, na kazi yake mojawapo ni kuuzuia utando wa ndani ya kizazi usinenepe kupita kiasi. Utando ukinenepa kwa estrojeni peke yake, siku ukibomoka damu huwa nyingi. Ndiyo sababu hedhi ya miaka hii yaweza kuwa nzito kuliko ya ujana kabla haijaanza kuwa chache.

Hapo kwenye damu nzito naomba tukae. Sisi wa uwanda wa Makonde, huko Newala na Tandahimba, tumekulia mahali ambapo ndoo ya maji ina thamani yake. Mwanamke anayevuja damu siku tisa anahitaji maji, vitambaa vya akiba, sabuni na sehemu ya faragha ya kuanikia kwenye jua. Weka akiba hiyo mapema, hasa kama msimu wa korosho unakukuta shambani mbali na nyumbani. Lakini vitambaa vya akiba visikufanye uvumilie kisichovumilika. Ukilazimika kubadilisha pedi au kitambaa kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, ukitoa mabonge makubwa kuliko sarafu, damu ikipita siku 7, ikirudi kabla ya siku 21, ikija katikati ya mwezi au baada ya tendo la ndoa, usiseme ni umri. Nenda ukapimwe. Yaweza kuwa uvimbe kwenye kizazi, ambao sisi wanawake wenye asili ya Afrika tunaupata zaidi na mapema zaidi. Yaweza kuwa tatizo la shingo ya kizazi. Yaweza kuwa mimba iliyoharibika. Na hata chanzo kikiwa homoni tu, damu inayopotea hivyo kila mwezi inaleta upungufu wa damu. Moyo unaenda mbio, unahema ukipanda kilima kidogo, miguu mizito. Wangapi wanaambiwa wamekuwa wavivu, kumbe damu imeisha?

Kati ya dalili zote, fukuto, lile joto la ghafla mwilini, ndilo linalojulikana zaidi, na robo tatu hivi ya wanawake hulipata kwa kiwango kimoja au kingine. Estrojeni inapoporomoka, sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inakuwa na wasiwasi. Joto dogo tu inaliona kubwa, inafungua mishipa ya ngozi na kutoa jasho. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni na usoni, linadumu dakika moja hadi tano hivi, jasho linamwagika, kisha baridi kidogo inafuata. Kwetu pwani, Desemba hadi Machi, joto na unyevu vinatuchanganya zaidi, kwa maana kila mtu anatoka jasho. Tofauti ni kwamba fukuto huja ghafla na kuondoka, hata ukiwa umekaa kimya alfajiri wengine wanajifunika shuka.

Malaria haina tabia hiyo. Homa yake hukaa kwa saa nyingi, mwili unauma, kichwa kinapasuka, hamu ya kula inaondoka. Hata hivyo mikoa yetu ina malaria, na sitamwambia mtu aamue kwa kubuni. Pima kwa kile kipimo cha haraka cha zahanati. Kikionyesha huna, usinunue dawa ya mseto kwa mazoea. Jasho la usiku likiandamana na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au kupungua uzito, ulizia kipimo cha kifua kikuu. Likiandamana na mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio na kukonda huku unakula, daktari aangalie tezi ya shingo.

Dalili nyingine nitazipitia haraka: usingizi kukatika saa tisa usiku, kusahau majina, viungo kuuma asubuhi, mkojo kubana mara kwa mara, machozi ya karibu. Hizi huja na kwenda. Ila huzuni inayokaa zaidi ya wiki mbili, inayokuondolea hamu ya kila kitu au kukufanya uone heri usingekuwepo, ni ugonjwa unaotibika. Mwambie mhudumu wa afya kwa maneno hayohayo.

Usisahau mimba. Kuchelewa siku zako ukiwa na miaka 44 kunaweza kuwa homoni, kunaweza kuwa mtoto. Yai hupevuka siku usiyoitarajia. Ushauri wa kawaida ni kuendelea na uzazi wa mpango mpaka utimize miaka miwili bila hedhi kama imekoma kabla ya miaka 50, au mwaka mmoja kama imekoma baada ya 50. Ukichelewa, anza na kipimo cha mkojo.

Fedha za korosho zikishaingia, kabla hazijakwenda kwenye mabati, sare za shule na ngoma, toa humo nauli na gharama ya siku moja ya hospitali. Siku hiyo pima presha, sukari, wingi wa damu, VVU kama hujui hali yako, na shingo ya kizazi. Hicho cha mwisho ndicho ninachokipigia kelele, kwa sababu saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Kipimo cha siki, ambapo shingo ya kizazi hupakwa siki na kuangaliwa, hufanywa kwa wanawake wa miaka 30 hadi 50, na majibu unayapata hapohapo. Kuna sababu ya kukifanya kabla ya hedhi kukoma: baadaye sehemu inayotakiwa kuonekana hurudi ndani, na siki haionyeshi vizuri tena. Anayeishi na VVU anahitaji kupimwa mara kwa mara zaidi ya wengine. Lindi mjini kuna Hospitali ya Sokoine. Mtwara kuna Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Walio njia ya Masasi wana Ndanda, na kabla ya hapo Nyangao. Anza na zahanati au kituo chako, waambie unataka nini, wakuelekeze. Nenda na ile kalenda. Vipimo vya homoni vya damu, kwa mwenye zaidi ya miaka 45 na dalili za kawaida, havihitajiki sana, maana homoni zenyewe zinapanda na kushuka. Leo kinasoma hivi, wiki ijayo vile. Usimalizie nauli yako hapo kabla hujamuuliza daktari kinamsaidia nini.

Mifupa hupungua kwa kasi zaidi katika miaka ya mwanzo baada ya hedhi kukoma, kwa hiyo ijengwe kabla. Hapa Mungu ametupendelea. Tuna dagaa, wanaoliwa na mifupa yao. Tuna ufuta wa Lindi, ambao tunauuza wote mnadani wakati kikombe kimoja cha kusaga na kuungia mboga kingebaki nyumbani. Tuna mchicha na mboga nyingine za majani. Kutembea na kulima kunaimarisha mfupa. Jua la asubuhi mikononi na usoni linasaidia. Ng'onda ni tamu, ila chumvi yake ni nyingi, na presha huelekea kupanda umri huu. Loweka, mwaga maji, ndipo upike. Uraka na gongo ya mabibo huzidisha fukuto na kuharibu usingizi.

Zungumza na mumeo kabla hajajitungia sababu zake. Uke hukauka estrojeni inapopungua, tendo linauma, mwanamke anakwepa, na mwanaume anahisi ana mpinzani. Maneno machache mapema yanaokoa ndoa. Vilainishi vya maji hupatikana maduka ya dawa. Mafuta ya nazi yanaharibu kondomu za mpira, basi anayezitumia asiyachanganye. Na wale wenye mazoea ya shabu au ndimu kujikausha, nawasihi waache sasa: ngozi ya ndani imekuwa nyembamba, inachanika, na maambukizi yanapita humo.

Dawa zipo kwa anayeteseka. Tiba ya homoni ndiyo inayotuliza fukuto vizuri zaidi, na usalama wake ni mzuri zaidi ikianza kabla ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 tangu hedhi kukoma. Mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake, lazima iambatane na homoni ya aina ya projesteroni, la sivyo utando unanenepa na unaweza kugeuka saratani. Aliyewahi kuwa na saratani ya matiti, damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, kiharusi, ugonjwa mkubwa wa ini, au anayevuja damu isiyojulikana chanzo, kwa kawaida haimfai. Kwa hiyo usiinunue kwa maelezo ya jirani aliyepona. Mitishamba ya bibi pia itaje mbele ya daktari, hasa kama unatumia dawa za presha au ARV, kwa kuwa baadhi hugombana nazo.

Endelea kuandika kwenye kalenda mpaka miezi 12 itimie. Damu ikirudi baada ya hapo, hata ikiwa tone moja kwenye kitambaa, hata ikikatika yenyewe siku hiyohiyo, usiihesabu kuwa hedhi imerudi na usishukuru kwamba umekuwa kijana tena. Panga safari ya hospitali wiki hiyohiyo, mchukue dada au binti yako akusindikize, na mwambie daktari tarehe mbili: siku ya hedhi yako ya mwisho na siku ulipoiona damu hii.