Mkataba umeisha, haki bado ni ya klabu: jinsi ya kumfuatilia mchezaji huru mwenye masharti NHL

Kila Juni 30 mikataba mingi ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu Marekani na Kanada, hufikia mwisho, na mashabiki huanza kuwagawa wachezaji kwa klabu wazipendazo. Sisi tunaokokotoa mikataba hii kwa kazi huanza na tarehe ya kuzaliwa.

Hatua ya 1: Umri. Kwa kawaida, aliyefikisha miaka 27 siku hiyo, au aliyetimiza misimu 7 kwenye ligi, anaondoka atakako. Wengi walio chini ya hapo ni huru kwa masharti: mkataba umeisha, lakini klabu bado inashikilia haki yao.

Hatua ya 2: Ofa ya kumbakiza. Klabu isipoitoa mwishoni mwa Juni, imempoteza. Mwaka 2022 Chicago Blackhawks hawakumpa Dylan Strome, naye akasaini Washington Capitals. Mchezaji halazimiki kuikubali. Kazi ya ofa hiyo ni kulinda haki ya klabu tu.

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Wanatazama wastani wa mshahara kwa mwaka katika mkataba, wakati ofa hufuata mshahara wa mwaka wa mwisho. Timo Meier wa San Jose Sharks alikuwa na wastani wa dola milioni 6, lakini mwaka wa mwisho alilipwa milioni 10, kwa hiyo ofa ya kumbakiza ingekuwa milioni 10. Februari 2023 San Jose wakamhamishia New Jersey Devils. Mikataba iliyosainiwa baada ya makubaliano ya ligi na chama cha wachezaji ya Julai 2020 ina kinga: ofa haihitaji kuzidi asilimia 120 ya wastani. Kwa kanuni hiyo Meier angeanzia milioni 7.2. Basi soma tarehe ya kusaini kabla hujagusa kikokotoo.

Hatua ya 3: Usuluhishi. Mwenye uzoefu wa kutosha anaweza kuomba msuluhishi apange mshahara; mwisho wa kuomba umekuwa Julai 5. Wengi huelewana na klabu kabla ya kusikilizwa. Akishaomba, klabu nyingine haziwezi tena kumpelekea ofa, na kwa maoni yangu hiyo ni bei kubwa.

Hatua ya 4: Ofa ya klabu nyingine. Mchezaji akiisaini, klabu yake ina siku 7 za kuilipa ileile au kumwachia, ikifidiwa nafasi za kuchagua chipukizi. Fidia hupanda kwa madaraja ya mshahara. Agosti 2024 St. Louis Blues waliwavizia Edmonton Oilers, waliokuwa wamebanwa na kikomo cha mishahara. Philip Broberg alipewa dola 4,580,917 kwa mwaka, Dylan Holloway 2,290,457. Tarakimu hizo za ajabu ndizo kilele cha daraja: dola moja zaidi, fidia inapanda. Edmonton waliwaachia wote wawili, wakapata nafasi moja ya kuchagua chipukizi katika raundi ya pili na moja katika ya tatu. Mimi naona St. Louis walinunua kwa bei ya kutupa.

Hatua ya 5: Desemba 1. Asiyesaini hadi saa 11 jioni, saa za New York, hachezi NHL msimu huo. William Nylander alisaini na Toronto Maple Leafs mwaka 2018 zikiwa zimebaki dakika chache tu. Ukiona ukimya mwezi Oktoba, usidhani mazungumzo yamekufa. Mchezaji halipwi, klabu inacheza bila yeye, na kila upande unangoja mwingine achoke.