Jinsi ya kuingiza njia mpya ya kugundua na kutibu PPH (mama kuvuja damu nyingi baada ya kujifungua) leba bila kumweka nesi hatarini

Wenzangu wa leba kuanzia Malindi mpaka Lamu, Faza na Kizingitini, hii nawaandikia nyinyi hasa mlio kwenye vituo vidogo, vile shifti ya usiku iko na nesi mmoja na mhudumu mmoja. Kila mara tunaletewa mambo mapya, semina inafanyika hotelini, fomu mpya zinagawanywa, bango linabandikwa ukutani, halafu ukirudi baada ya muda kitu kimekufa na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mimi sababu naijua na nitaisema wazi. Ile njia mpya imeongeza kazi na hatari kwa yule anayeifanya na hakuna aliyemfikiria. Mtu akiogopa kujichoma sindano ama kuvamiwa na jamaa za mgonjwa atarudia ile njia aliyoizoea, hata umpe vyeti vingapi. Kwa hiyo usalama wa nesi ndio unaanza, mtindo mpya unafuata.

Mfano nitakaotumia ni E-MOTIVE, mpango wa kugundua PPH mapema na kuitibu, manake ulifanyiwa utafiti hapa hapa Kenya pamoja na Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, hospitali 80, wanawake zaidi ya laki 2, matokeo yakatoka 2023. Kwenye hospitali zilizofuata mpango, mama kupoteza damu ya lita moja na zaidi, kufunguliwa tumbo sababu ya damu, ama kufa kwa kuvuja damu, yote haya yakiwekwa pamoja yalipungua kwa asilimia 60. Na hakukuwa na dawa ya ajabu iliyoletwa! Dawa ni zile zile tunazozijua. Kilichobadilika ni kupima damu kwa mfuko wa plastiki wenye mistari badala ya kukisia kwa macho, na kutoa matibabu yote kwa mpigo mmoja bila kungoja hii ishindwe ndio ujaribu ile. Kwenye hospitali zilizoendelea na mazoea yao, PPH iligunduliwa kwa mama 51 tu kati ya kila 100 waliokuwa nayo. Zilizofuata mpango waligunduliwa 93. Hebu fikiria wale wengine walikuwa wanavuja tu huku kila mtu anaona sawa.

Sasa uangalie huo mpango kwa jicho la nesi mwenyewe. Ndani ya dakika chache unakanda tumbo, unafungua mshipa, unachoma dawa mbili, unaingiza mkono kukagua mchaniko, na damu iko kila mahali. Haraka, damu na sindano vikikutana ndipo watu wanapojichoma.

Anza kwa kuhesabu ajali. Chukua kaunta buku moja, liweke mahali kila mtu analifikia, na kwa mwezi mmoja kila mtu aandike bila jina lake: tarehe, shifti, kilichotokea. Sindano imenichoma, damu imeniruka jichoni, glavu ndefu hakuna, stima imepotea, shemeji wa mgonjwa amenisukuma. Andikeni hata yale yaliyokaribia kutokea yakapita. Kabla ya kuanza, inchaji aambiwe na akubali mbele ya watu wote kwamba daftari si la kumtafuta mtu, manake akianza kuuliza nani ameandika hii, basi hakuna atakayeandika tena. Mwezi ukiisha mtaona wenyewe shida yenu iko wapi, na mara nyingi si pale mlipodhani. Mnaweza kugundua ajali nyingi zinatokea wakati wa kushona, ama wakati wa kukabidhiana shifti, ama kwa yule mama anayefagia ambaye hakuitwa semina hata mara moja. Huyo naye ni mfanyakazi wa afya, mweke kwenye hesabu na kwenye chanjo.

Chanjo ndiyo hii, hepataitisi B, dozi 3, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Watu wengi huchomwa ya kwanza wakasahau zilizobaki, kwa hiyo inchaji abandike orodha ya dozi kama vile rota. Ukichomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye HIV, uwezekano wa kuambukizwa ni karibu 3 kati ya 1000. Hepataitisi B, kama hujachanjwa, unaweza kufika mpaka 30 kati ya 100. Watu wanaogopa ile ndogo wanaisahau ile kubwa.

Halafu PEP, dawa za kuzuia HIV baada ya kujichoma ama kurukiwa na damu. Mtu akijichoma aoshe pale pale kwa maji na sabuni, asikamue, asipake jiki, jicho lioshwe kwa maji mengi, na dawa ianze haraka, ikiwezekana ndani ya saa za mwanzo, mwisho kabisa saa 72, inamezwa siku 28. Sasa mimi nauliza, ukiwa Siyu ama Pate saa nane za usiku na maji yamekupwa, boti haisogei, utaifuata wapi? Dawa za kuanzia lazima ziwe kituoni, kwenye kabati ambalo ufunguo wake unajulikana uko wapi hata usiku, pamoja na karatasi ya nani wa kupigiwa simu. Ajali iandikwe pia rasmi, manake kwa Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 kujichoma kazini ni jambo la mwajiri. Bila maandishi huna pa kusimama baadaye.

Vifaa sasa. Tengenezeni boksi ama troli moja ya PPH, kila kitu ndani yake: kanula kubwa, maji ya dripu, sirinji, TXA (dawa ya kusaidia damu kuganda), katheta, glavu za kawaida na zile ndefu za mpaka kwenye kiwiko, aproni, miwani. Na hii ndiyo naisisitiza sana, sefti boksi, lile la kutupia sindano, ikae kwenye hiyo hiyo troli, si kule kwenye kona. Ikiwa mbali na wewe hatua tatu tu, wakati mama anavuja utaiweka sindano kitandani, ama utaifunika kifuniko kwa mkono, na hapo ndipo inakuchoma. Sindano haifunikwi, inatoka kwa mama inaingia boksi. Boksi ikifika robo tatu inafungwa. Wakati wa kushona sindano ishikwe na chombo chake, si vidole, na msipeane mkono kwa mkono, iwekwe kwenye kidishi mwenzako aichukue hapo. Kuna kituo nimeona boksi la PPH limefungwa kufuli vizuri sana na ufunguo ameondoka nao mtu wa mchana, tafadhali msifanye hivyo.

Tuje kwa ile plastiki yenyewe ya kupimia damu, hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wanaitumia vibaya halafu wanasema haifai. Haiwekwi kabla mtoto hajatoka, la sivyo utapima maji ya chupa na mkojo ukidhani ni damu. Mtoto akishatoka, unaisukuma chini ya makalio ya mama, mfuko unaning'inia mbele ya kitanda, unaufungua mdomo wake vizuri damu iingie ndani isitiririke pembeni. Mfunike mama na leso yake juu, umweleze unafanya nini, manake mama zetu wa huku kuachwa wazi hivyo kunawaumiza na ataikataa ukimwekea bila neno. Kila dakika 15 kwa saa nzima ya kwanza unainama unasoma mstari, unashika tumbo kama limekaza, unapima presha na mapigo. Damu ikifika mililita 500 unaanza matibabu bila kujadiliana. Ikifika 300 na kuna dalili nyingine, mapigo yamepita 100, ama namba ya juu ya presha imeshuka chini ya 100, unaanza vile vile, hivi ndivyo WHO ilivyoelekeza kwenye mwongozo wa 2025. Unaita mtu, unakanda tumbo, oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi) kwenye dripu, TXA gramu 1 kwa mshipa polepole kwa dakika 10, na iwe ndani ya saa 3 tangu kujifungua, unatoa mkojo, unakagua mchaniko na kondo la nyuma. Vipimo vyote vya dawa fuateni protokali yenu iliyo ukutani.

Kuutoa sasa. Mfuko wenye lita ya damu ni mzito na unateleza, usiushike pembe mbili ukatembea nao koridoni. Leta ndoo yenye mfuniko mpaka kitandani, vaa aproni, miwani na gambuti, watu wawili, mmoja anafunga mdomo wa mfuko mwingine anashika chini, unateremka ndani ya ndoo, unafunikwa, unaenda shimo la kondo. Damu iliyodondoka sakafuni, jiki ya asilimia 3.5 kipimo kimoja kwa vipimo 6 vya maji, inapata asilimia 0.5.

Joto letu hili nalo. Oksitosini inataka nyuzi 2 mpaka 8. Stima ikipotea siku nzima na friji haina kipimajoto, unaweza kuwa unachoma dawa iliyopoteza nguvu, mama anaendelea kuvuja, na nesi ndiye anayelaumiwa na jamaa. Weka kipimajoto, andika asubuhi na jioni. Kwa kuzuia PPH kabla haijaanza kuna karbetosini isiyoharibika na joto, inakaa mpaka nyuzi 30, na utafiti wa 2018 wa nchi 10, Kenya ikiwemo, ulionyesha haizidiwi na oksitosini. Ombeni kaunti iwaletee.

Mazoezi msifanye hotelini. Fanyeni wodini, robo saa wakati wa kupokezana shifti, chukua maji utie ile rangi nyekundu ya mabuyu, mimina kwenye mfuko, mmoja awe mama, wengine wafanye kazi, mwingine aangalie sindano zinaishia wapi. Utaona mengi. Chagueni mkunga mmoja anayeheshimika, si lazima mwenye cheo, awe ndiye wa kuulizwa.

Jamaa nao. Vurugu nyingi huanza kwa sababu mama mkwe na mume wako nje hawajui chochote wanasikia mbio tu. Waelezeni tangu kliniki ya wajawazito kwamba tutapima damu na kwa nini, na usiku ule mtu mmoja, hata mhudumu, atoke kila baada ya muda awaambie "mama, tuko naye, tunamhudumia hivi". Mlango wa leba uwe na komeo la ndani, taa ya nje iwake, na namba ya askari na ya boti ziwe ukutani. Nesi wa usiku asiachwe peke yake na PPH, kama rota hairuhusu basi kuwe na mwenzake wa kuitwa anayekaa karibu na aliyekubali kuitwa.

Kila mwisho wa mwezi bandikeni karatasi moja: mama wangapi wamejifungua, wangapi walipimwa damu, wangapi walipata matibabu yote, na kando yake wafanyakazi wangapi wamejichoma ama kurukiwa. Hizo safu mbili ziwe karatasi moja. Damu ikipungua na majeraha yakaongezeka, simamisheni mrekebishe kabla ya kuendelea.

Na kama mtataka kuyachapisha kama utafiti, msikusanye kwanza mkaomba ruhusa baadaye. Unahitaji kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kabla. Kwa matumizi yenu ya ndani ya kuboresha kazi, zungumzeni na inchaji na ofisi ya afya ya kaunti, na majina ya mama na ya wafanyakazi yasiingie kwenye karatasi hata moja.