Unataka kufuga hamsta, simbilisi au panya ndani? Soma hii kabla hujanunua

Wengi wakitaka mnyama wa ndani wanasema nipe kitu kidogo kisichosumbua, wanachukua hamsta au simbilisi (guinea pig) au panya weupe, alafu muda si mrefu malalamiko yanaanza, ooh ananuka, ooh anang'ata, usiku halali. Udogo wake ndo unadanganya. Huyu ni mnyama ambaye porini karibu kila kitu kinamwinda, kwa hiyo hata akiumwa anajikaza usijue, na ukija kushtuka mara nyingi ushachelewa. Kulisha ni rahisi, kazi yenyewe ni kumsoma.

Kwanza amua ataishi na nani. Hamsta wa Syria, yule mkubwa wa rangi ya dhahabu, anakaa peke yake basi, ukiwachanganya wawili wakishakua watapigana hata mpaka mmoja afe, na usidanganywe eti hawa wamezaliwa pamoja. Simbilisi na panya ni kinyume kabisa, akiwa mmoja ananyong'onyea, Uswisi wameweka mpaka sheria tangu 2008 kwamba simbilisi asifugwe peke yake. Ila wawe jinsia moja, na hapo usiamini tu neno la muuzaji, mgeuze uangalie: kwa panya na hamsta, dume ana nafasi ndefu kati ya mkundu na sehemu ya mkojo kuliko jike (simbilisi ni wagumu kidogo, mpe daktari akuangalizie). Ukikosea hapo umekwisha, maana hamsta anabeba mimba siku 16 hivi, panya kama 21, na panya jike anaweza kushika nyingine ndani ya siku moja baada ya kuzaa.

Tundu liwe pana kuliko unavyodhani na lipitishe hewa. Kwa kutandika chini, maranda ya mwerezi achana nayo hata kama yananukia vizuri, ile harufu ndo inayoumiza mapafu, tumia karatasi laini zilizochanwachanwa. Kuhusu harufu, toa matandiko ya kona anayokojoa kila siku, ila ukisafisha tundu zima acha kiota kidogo cha zamani kilicho kikavu, vinginevyo anajiona yuko ugenini anaanza kukojoa kila mahali upya. Gurudumu la hamsta liwe na uso mzima, yale ya vyuma kama ngazi yananasa mguu, na kipenyo kianzie sm 20, akikimbia mgongo usipinde. Simbilisi usimpe gurudumu kabisa, mgongo wake haujaumbwa hivo.

Chakula sasa. Meno ya mbele ya hawa wote hayaachi kukua maisha yao yote, na ya simbilisi hata magego, kwa hiyo simbilisi lazima awe na nyasi kavu saa zote, sio pembeni kama mapambo, ndo chakula chenyewe. Pia mwili wake hautengenezi vitamini C kama sisi tu, akiikosa viungo vinauma na fizi zinatoka damu. Mpe kipande cha pilipili hoho isiyowasha kila siku, usitegemee ile vitamini ya kuweka kwenye maji kwani inaharibika haraka.

Kumshika usimtokee kwa juu kama kipanga, ingiza mkono pembeni umnyanyue na mwili wote, mkia usiguse. Hamsta analala mchana, ukimshtua usingizini akikung'ata hapo mwenye kosa ni wewe. Nawa mikono kabla na baada, na watoto wadogo wasiachwe naye peke yao.

Sasa ile kumsoma niliyosema. Chukua mizani ya jikoni, mpime kila wiki siku ileile, andika, kwa sababu mara nyingi uzito unashuka kabla hujaona kitu kingine chochote. Panya akitoa machozi mekundu usipige kelele kwamba ni damu, ni rangi tu inayotoka kwenye tezi ya jicho, kidogo akiamka ni kawaida ila ikizidi ana msongo au kifua kinaanza. Hamsta mkia ukilowa na anaharisha, ni daktari siku hiyohiyo. Simbilisi akipitisha nusu siku hajala, usisubiri kesho, tumbo lake likisimama kulirudisha ni shughuli.

Na tafuta daktari anayewajua hawa kabla hajaumwa, wengi wamezoea ng'ombe na mbwa. Usimpe dawa iliyobaki kabatini, amoxicillin ya kumeza ambayo binadamu anapona nayo inaweza kuua simbilisi au hamsta kwa siku chache kwa sababu inafagia bakteria wazuri wa tumboni, kwa hiyo hata kwa daktari mwenyewe uliza jina la dawa kabla hujaondoka.