Kuchagua Msimu wa Kwenda Ziwa Natron kwa Anayetokea Arusha

Wengi husema Ziwa Natron liko jangwani; kwa kweli halimo katika jangwa kamili, bali katika nyanda kame za Bonde la Ufa karibu na mpaka wa Kenya. Hata hivyo, mtu aliyezoea migomba ya Tengeru na Usa River, karibu na Arusha, akishuka huko mwezi wa tisa hatakuwa na hamu ya kubishania jina. Jamaa wengi wa mjini wanaopanga safari hiyo huniuliza ni mwezi gani joto hupungua, nami huwajibu kwamba hilo si swali la kuanza nalo. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na Natron iko kwenye mita 600 tu, kwa hiyo hata katika kipupwe, wakati sisi huku tunavaa makoti asubuhi, jua la mchana kule ni kali, na katika miezi ya joto hupita nyuzi 40. Joto hilo hukwepwa kwa saa: unatembea tangu alfajiri hadi saa tatu, unakaa kivulini, kisha unatoka tena saa kumi alasiri. Mwezi huchaguliwa kwa kuangalia barabara, na kwa kuangalia unachokwenda kukiona.

Nianze na barabara, kwa sababu ndiyo inayoharibu safari nyingi. Hadi Mto wa Mbu, kupitia Makuyuni, unakwenda kwa lami bila taabu. Kutoka hapo unageuka kaskazini, unapita Selela na Engaruka ukiwa na ukuta wa Bonde la Ufa kushoto kwako, mpaka kijiji cha Engare Sero, kilicho karibu na ziwa. Na njia hiyo inakatwa na makorongo ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Mvua ikinyesha juu, kwenye nyanda za Ngorongoro, maji huteremka yakafika barabarani wakati mbingu iliyo juu yako haina hata wingu. Mwezi wa nne mwaka mmoja tulifika kwenye korongo la namna hiyo, maji yakiwa rangi ya chai ya maziwa na yakisukuma magogo. Dereva alichomeka kijiti ukingoni ili kupima kama yanapungua. Kijana wa Kimaasai aliyekuwa ng'ambo na mbuzi wake akatupigia kelele, "Mzee, subirini, mengine yako njiani!" Tulisubiri saa tatu, na kijiti chetu cha kwanza kilikwenda na maji.

Kwa sababu hiyo, miezi ya masika, yaani Machi hadi Mei, ningeiacha kabisa, ingawa ndipo milima inapopendeza kwa kijani.

Kama uamuzi ungekuwa wangu, ningekwenda kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Julai. Makorongo yamekauka, ardhi imeshikana, majani bado yapo kiasi, na wenye watoto wanaipata likizo ya mwezi wa sita. Huo pia ni wakati mzuri kwa anayetaka kupanda Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano uliolipuka kwa nguvu mara ya mwisho mwaka 2007 na 2008. Wapandaji huanza safari usiku ili wafike kileleni kunapokucha na washuke kabla jua halijawachoma, kwani mlimani hakuna kivuli wala maji; mvua huufanya mteremko wake wa majivu uteleze vibaya. Ukiweza, panga tarehe zilizo karibu na mwezi mpevu.

Anayewafuata heroe, ndege ambao wengi tunawaita flamingo, asubiri Agosti hadi Oktoba. Natron ndiyo mazalia makuu ya heroe wadogo katika Afrika Mashariki, lakini ndege hao hawafuati kalenda: maji yakizidi viota vya matope hufurika, yakipungua mno wanyama wawindao huvifikia kwa miguu. Viota vyenyewe viko mbali ndani ya ziwa, na usijaribu kuvifuata, maana tabaka la magadi linaonekana gumu kama sakafu kumbe chini yake ni tope. Kadiri ukavu unavyoendelea na chumvi kukolea, vijidudu vinavyopenda chumvi hustawi na kuyapa maji wekundu wake. Gharama ya msimu huo ni vumbi, jepesi kama unga wa ngano, linaloingia hadi kwenye begi lililofungwa; chukua kikoi cha kujifunika uso na tairi la akiba la pili.

Vuli, hasa Novemba na Desemba, ni bahati nasibu. Mwaka 2023, uliokuwa wa El Niño, mvua zake zilizidi kiasi, kwa hiyo usome kwanza mwelekeo wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Januari na Februari kwa kawaida hupitika, ila joto lake ni la waliozoea.

Siku mbili kabla ya kuondoka, mpigie simu mwenyeji wa Engare Sero. Usimuulize kama mvua imenyesha, kwa kuwa atakujibu kuhusu kijijini kwake tu. Muulize gari la mwisho kutoka Mto wa Mbu limefika lini, na limetumia saa ngapi.