Kujitolea shelta ya wanyama Uingereza na viza ya mwanafunzi: angalia unachosaini

Wadau mliokuja Uingereza kwa viza ya masomo, hii ni yenu. Kama unapenda mbwa na paka na umeona shelta, yaani kituo cha kutunza wanyama wasio na mwenyewe, inatafuta watu wa kujitolea wikiendi, nenda, lakini usisaini kitu kabla hujaelewa hili: kutolipwa hakukutoi kwenye hesabu ya masaa. Mwanafunzi wa digrii anaruhusiwa kufanya kazi masaa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na ndani ya hayo 20 inaingia kazi ya mshahara na kazi isiyo na mshahara. Rudia hapo mwisho. Na isiyo na mshahara.

Mi walininasa hivi. Masaa yangu yote 20 yalikuwa yanaishia kwenye kubeba boksi, halafu Jumamosi naenda shelta kuosha vibanda na kutembeza mbwa, roho inatulia. Wakanipa karatasi nikasaini, mle ndani kuna shifti za kudumu, ukitaka kuacha utoe notisi, na kila mwezi unapewa vocha ya dukani kama asante. Nikamuuliza binamu yangu, mwenyeji wa siku nyingi huku, akanijibu we fanya tu, haina hela hiyo sio kazi. Siku nimeenda chuo kuomba barua ya mambo ya viza nikaitaja shelta kwa kujidai kabisa, yule dada wa ofisini akaacha kuandika akaniuliza, ulisaini nini?

Basi ikawa presha. Acha mara moja, andika maelezo, leta barua ya shelta, na shelta nao mhusika yuko likizo, imeili hazijibiwi, mi silali. Iliisha salama ila usiombe yakukute, maana chuo kina wajibu wa kuripoti Home Office, wizara yao ya mambo ya ndani inayosimamia viza, na masharti ya viza yakivunjwa viza inaweza kufutwa, ada uliyolipa na shamba la mzee lililouzwa vyote vinaning'inia hapo.

Sasa wanachoangalia ni hiki. Kama una mkataba unaokulazimisha kufika, unafanya kazi ambayo ingefanywa na mwajiriwa, au unapewa kitu chenye thamani ya hela, hata chakula cha mbwa au vocha kama zangu, hiyo wanaihesabu kazi. Kama shelta ni taasisi ya hisani, huna mkataba, ukiamka hujisikii kwenda huendi na hakuna wa kukuwajibisha, na unarudishiwa nauli tu kwa risiti, hapo kwa kawaida ni kujitolea na masaa hayaguswi. Waombe wakuandikie hivyo, kwa maandishi, na uipeleke ofisi ya viza ya chuo KABLA ya kuanza. Huku hakuna kwenda kumweleza mjumbe akuandikie barua ya kukutetea, karatasi uliyosaini ndiyo inaongea.

Halafu wiki yao inaanza Jumatatu inaisha Jumapili, na hakuna kusawazisha. Ukifanya 24 wiki hii na 16 wiki ijayo ushavunja sharti tayari. Na nyie wa masta ya mwaka mmoja, kipindi kile cha kiangazi mnaandika tasnifu mnadhani ni likizo, kwa wengi bado ni muhula, kwa hiyo ni 20 hizo hizo. Nasema tena, soma karatasi.

Binamu simlaumu sana, viza yake sio ya masomo, mwenye viza ya Skilled Worker, ile ya kazi ya wenye ujuzi, anaruhusiwa kujitolea bila shida. Tatizo ni ndugu kugawa ushauri wa viza yake kama ndio ya wote. Mama akija kukutembelea kwa viza ya matembezi naye anaweza kujitolea, lakini isizidi siku 30 kwa jumla na iwe taasisi ya hisani iliyosajiliwa.

Nyumbani walicheka, eti umepanda ndege kwenda kuzoa kinyesi cha mbwa bure. Ila hawa watu na wanyama ni habari nyingine jamani. Chama chao cha kutetea wanyama, RSPCA ya leo, kilianza 1824, cha kutetea watoto hapo London kikaja 1884. Miaka 60! Jirani yangu hajawahi kunisalimia mpaka aliponiona na mbwa.

Kuchukua mnyama wa kwako toka shelta ni rahisi kuliko hayo: fomu, ridhaa ya mwenye nyumba kwa maandishi, wanakuja au wanaomba picha kuangalia unapokaa, unalipa ada. Watakuuliza mbwa atabaki peke yake masaa mangapi, ukiwa na shifti ndefu omba paka. Kwa England paka lazima awe na chipu ya utambulisho chini ya ngozi tangu Juni 2024, faini inafika pauni 500, kwa hiyo ukihama badilisha anwani kwenye rejista.

Na mjomba wa Kibaha anayeulizia mbwa wa Kizungu wa kulinda banda la kuku, mikataba mingi ya shelta inasema ukishindwa kumtunza unamrudisha kwao, huna ruhusa ya kumgawa. Mjomba, tafuta mbwa hapo hapo Kibaha.