Jinsi ya kuomba kibali cha utafiti wa kitabibu Uganda: anza na tyubu, fomu baadaye

Karibu kila mwezi mwanafunzi wa masta au mwenzangu wa maabara ananipigia simu, na swali ni lilelile, nakuuliza ndugu yangu, naingia wapi nijaze fomu ya kibali? Mi nawaambia fomu ngoja kwanza. Chukua karatasi tupu na kalamu uandike safari ya tyubu moja ya damu, kuanzia mkono wa mgonjwa mpaka siku hiyo damu itakapochomwa kwenye shimo la taka za hospitali. Ukimaliza hiyo safari umeshamaliza nusu ya maombi, nakuapia, maana maswali mengi ambayo kamati ya maadili, wale wanaopitia utafiti kabla haujaanza, itakurudishia yamo humo humo.

Tuseme unataka kuangalia upungufu wa damu kwa akina mama wajawazito kwenye kituo cha afya daraja la nne nje ya Arua. Andika nani anatoa damu, mkunga au wewe mwenyewe? Anatoa ml ngapi? Anatumia tyubu gani, ya kifuniko cha zambarau yenye EDTA, dawa inayozuia damu isigande, kwa ajili ya kuhesabu chembe za damu, au nyekundu kwa ajili ya seramu, yale maji yanayobaki damu ikishaganda, au zote mbili? Ile ya zambarau inageuzwa polepole juu chini mara 8 mpaka 10, haitikiswi kama chupa ya soda, ukiitikisa chembe zinapasuka na majibu yanaharibika. Ile nyekundu inaachwa isimame igande kama dakika 30 ndio unaizungusha kwenye mashine. Sasa hiyo mashine iko wapi? Kama iko mjini, damu inafikaje, kwa boda au kwa wale vijana wa pikipiki wa habu, yaani maabara kubwa ya eneo, wanaokusanya sampuli za serikali, na kama ni wao umeshaongea na mkuu wa maabara au unategemea tu watakubali? Boksi la barafu ni la nani? Umeme ukikatika usiku friza ya nyuzi -80 inabebwa na jenereta gani na nani anapigiwa simu? Nani ana daftari lenye majina ya washiriki na namba walizopewa kwenye utafiti, na linafungiwa wapi? Jina la mama lisiandikwe kwenye tyubu, pale inaandikwa namba peke yake.

Kwa nini nasisitiza hivi, ni kwa sababu yaliniuma mwenyewe. Kuna utafiti niliokuwa mratibu wake, protokali, yaani mpango wa utafiti ulioandikwa, inasema 5 ml, fomu ya ridhaa ya Kiingereza inasema 5 ml, ya Kiswahili inasema 10. Mtafsiri alipewa toleo la zamani na mimi ndiye niliyempa. Kamati ikarudisha faili zima, na walikuwa na haki, maana mama anayesoma Kiswahili angeambiwa kitu kimoja na mkono wake ungefanyiwa kingine. Tulipoteza karibu miezi miwili na wauguzi tuliowapanga wakawa wameshahamishwa zamu. Tangu hapo ile karatasi ya safari ya tyubu naibandika ukutani na kila hati lazima ikubaliane nayo, protokali, ridhaa, bajeti, hata idadi ya tyubu za kununua.

Haya, safari imeandikwa. Sasa kusanya makaratasi: protokali yenyewe, CV za watafiti wote, vyeti vya mafunzo ya kulinda washiriki (na vile vya utendaji bora wa kitabibu kama unajaribu dawa au chanjo), barua ya shule au ya supavaiza, dodoso, bajeti na ratiba. Vyeti angalia tarehe, kuna watu wanaaplodi cheti kilichoisha muda halafu wanashangaa kurudishiwa.

Halafu chagua kamati. Hapa Uganda kamati za maadili, wengi tunaziita REC, zinatambuliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, na kama kamati haitambuliwi na baraza barua yake haikusaidii kitu. Zipo nyingi, Makerere wana kadhaa, Mbarara wanayo, Gulu wanayo, hospitali ya Lacor, TASO wale wa huduma za UKIMWI, na UVRI, taasisi ya utafiti wa virusi kule Entebbe. Chagua iliyo karibu na kazi yako na inayoelewa aina ya utafiti wako, usichague kwa sababu rafiki yako alipita haraka. Uliza tarehe ya kikao kijacho na siku ya mwisho ya kupokea faili, uliza ada ya mwanafunzi ni ngapi, na omba fomu zao za mfano maana kila kamati ina mpangilio wake. Utafiti wenye hatari ndogo, mfano kutoa damu kidogo kwa mtu mzima mwenye afya, unaweza kupitiwa kwa njia ya haraka na wajumbe wachache. Jaribio la dawa linakwenda kikao kizima, hapo panga muda wa kutosha.

Sasa fomu ya ridhaa, na hapa nitakaa kidogo maana ndio moyo wa kazi yote.

Lazima iwe katika lugha ambayo mshiriki anaielewa. Kwetu huku West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, utahitaji Lugbara, na Kiswahili pia, kwenye kambi za jeshi, kwa wafanyabiashara wa mpakani, kwa ndugu zetu waliotoka Kongo na wengine. Usitafsiri kwa mashine ukaaplodi. Mpe mtu anayeongea lugha hiyo nyumbani, halafu mtu wa pili ambaye hajaona Kiingereza arudishe tafsiri kwa Kiingereza, ulinganishe. Kamati nyingi zitataka na barua ya mtafsiri.

Maneno yenyewe ndio yanatega watu. Neno uchunguzi kwa mtu wa kawaida ni polisi au ni kipimo cha ugonjwa wake, kwa hiyo ukiandika "uchunguzi huu" mama anadhani unamtibu. Andika utafiti, halafu ueleze hapohapo kwamba huu si matibabu, ukikataa utaendelea kutibiwa hapa kama kawaida. 5 ml haimwambii mtu kitu, andika "kama kijiko kimoja cha chai". Kama washiriki wanagawanywa kwa bahati nasibu andika "utapangwa kwa kura, kama kurusha shilingi, daktari hachagui". Na kama kuna kundi litakalopewa kidonge kisicho na dawa, washiriki wote waambiwe wazi kabla, kidonge kinafanana na dawa lakini ndani hakuna dawa.

Nakumbuka siku moja kituoni, mama mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi, mtoto mgongoni, nikamsomea fomu mpaka mahali palipoandikwa "sampuli itahifadhiwa kwa matumizi ya baadaye". Akaweka kidole juu ya karatasi, hasomi lakini alijua nimefika pale, akaniuliza, "Musawo (yaani daktari), mnapeleka damu yangu wapi, na nani ataitumia mimi nikiwa sipo?" Nilikuwa na sentensi moja tu na haikumjibu. Tulirudi tukaandika upya kile kipande chote. Kuhifadhi sampuli kwa tafiti za baadaye kunatakiwa kuwa na fomu yake ya pembeni, ambayo mtu anaweza kuikataa na bado akashiriki utafiti mkuu. Andika itakaa wapi, miaka mingapi, nani ataamua itumike kwa nini, na akibadili mawazo anafanyaje. Kwa watu wa eneo hili swali la yule mama ni la zamani, virusi vya West Nile vilipatikana 1937 kutoka kwenye damu ya mwanamke mmoja wa Omogo aliyekuwa na homa, jina la kwetu likaenda dunia nzima ndani ya vitabu. Ndio maana nikiona fomu ina mstari mmoja tu kuhusu damu inakwenda wapi nairudisha hata kabla ya kamati.

Wasioweza kusoma wanaweka dole gumba na lazima awepo shahidi ambaye si wa timu yako, asikie maelezo yote tangu mwanzo, siyo anaitwa mwishoni kuweka saini. Watoto chini ya miaka 18 mzazi anakubali, na mtoto kuanzia miaka 8 naye anaulizwa mwenyewe na ana fomu yake fupi. Lakini kwenye mfano wetu wa wajawazito utakutana na binti wa miaka 16 mwenye mimba, huyo kwa mwongozo wa UNCST wa 2014 anahesabiwa kama anayejitegemea na anaweza kukubali mwenyewe. Liandike hilo kwenye protokali, usingoje ufike kituoni ndio uanze kumtafuta baba yake.

Nauli na muda wao pia viandikwe kwa shilingi. Usiweke hela nyingi mpaka mtu maskini akashindwa kukataa, na usiweke sifuri wakati umemtoa shambani siku nzima.

Mfumo wenyewe sasa, unaitwa NRIMS, ni wa UNCST na upo kwenye intaneti. Fungua akaunti kwa imeli unayoifungua kila siku, maana majibu yote yanapitia huko. Jaza taarifa za mtafiti mkuu na wenzake, chagua kamati, jaza sehemu moja moja na uwe unasevu, bando likiisha katikati utalia. Aplodi kila hati ikiwa PDF na jina lake liwe na toleo na tarehe, mfano ridhaa ya Kiswahili toleo la 2, na hiyo tarehe iandikwe pia chini ya kila ukurasa ndani ya hati. Weka risiti ya malipo, tuma, hifadhi namba uliyopewa.

Maoni yatarudi. Usikasirike, karibu kila mtu anarudishiwa. Tengeneza jedwali, upande mmoja swali lao neno kwa neno, upande wa pili jibu lako na ukurasa ulipobadilisha, na tuma hati mbili, moja yenye mabadiliko yanaonekana na moja safi. Kama hukubaliani na swali sema kwa heshima na utoe sababu, wanasikiliza. Kwenye kamati kuna mjumbe wa jamii ambaye si mwanasayansi na mara nyingi maswali yake kuhusu ridhaa ndio yanayouma zaidi, yajibu kwanza.

Ukipata barua ya kamati bado hujaanza kazi. Faili linaendelea UNCST, kwenye mfumo uleule, kwa usajili na kibali cha utafiti. Jaribio la dawa au chanjo linahitaji pia cheti cha Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, na huko wanataka habari za dawa yenyewe, ilikotengenezwa, bima ya washiriki na mpango wa kuripoti madhara. Halafu ndio unaenda na nakala kwa mganga mkuu wa wilaya na kwa mkurugenzi wa hospitali au mkuu wa kituo, upige hodi vizuri, wale ndio wenye nyumba. Data za watu nazo zina sheria yake ya 2019 ya kulinda taarifa binafsi, kwa hiyo laptopu iwe na paswedi na lile daftari la majina lisikae mezani.

Kama damu inatoka nje ya nchi kuna mkataba wa kuhamisha sampuli kati ya taasisi yako na ile inayopokea, na unapelekwa UNCST. Swali la kwanza litakuwa kwa nini kipimo hicho hakifanyiki hapa, na jibu la "wafadhili wanataka" halitoshi, tafuta kwanza kama Entebbe au maabara kuu ya taifa Butabika wanaweza. Andika ni kipimo gani, sampuli ngapi, na zinazobaki zinarudi au zinachomwa. Kufungasha ni tabaka tatu, tyubu, chombo kisichovuja, boksi gumu la nje lenye alama ya UN3373 kwa sampuli za kawaida za wagonjwa, na barafu kavu ina alama yake UN1845, wasafirishaji wasipoziona boksi linabaki uwanja wa ndege na damu yako inayeyuka.

Siku ya kwanza kituoni tumia fomu zenye muhuri wa kamati tu, zile nyingine toa kabisa kwenye begi. Ukitaka kubadilisha kitu, hata kuongeza tyubu moja, omba kwanza usubiri jibu, isipokuwa pale unapomwondolea mshiriki hatari ya hapohapo, hapo unamsaidia kwanza halafu unaripoti. Kibali cha kamati ni cha mwaka mmoja, omba kuongezewa wiki kadhaa kabla hakijaisha, maana kikiisha huruhusiwi kutoa damu hata kwa mtu aliyeshasaini. Kazi ikiisha andika ripoti ya kufunga, kamati wapewe na UNCST wapewe, na urudi kituoni na majibu kwa lugha ya pale. Mimi ile fomu mpya ya kuhifadhi damu nilimpelekea yule mama, tukaisoma tena palepale kwenye benchi, akauliza maswali mengine mawili, akakataa damu yake kuhifadhiwa, akakubali utafiti mkuu, akaweka dole gumba.