OSPF hatua kwa hatua: jinsi ruta zinavyojichorea ramani ya mtandao

Ruta (kifaa kinachoelekeza pakiti za data kati ya mitandao) inayotumia itifaki ya hali ya viungo (link-state) haimezi njia iliyoamuliwa na jirani. Hupokea taarifa za viungo, ikachora ramani, kisha ikaamua yenyewe. Hapa tunafuata itifaki mojawapo ya aina hiyo, OSPF (Open Shortest Path First) toleo la 2; mwenzake IS-IS nayo ina mantiki hiyohiyo.

Hatua ya 1: Kutafuta majirani. Kwenye Etaneti, ruta hutuma pakiti za salamu kwa anwani 224.0.0.5, kwa kawaida kila sekunde 10. Jirani akikaa kimya sekunde 40, huhesabiwa hayupo. Vipindi hivyo, namba ya eneo (kundi la ruta zinazoshiriki ramani moja) na maski ya anwani (inayoonyesha sehemu ya mtandao kwenye anwani) visipolingana, ujirani hauundwi.

Hatua ya 2: Kulinganisha hifadhidata. Majirani huonyeshana orodha za matangazo (taarifa za viungo) waliyonayo, kila mmoja akaomba asichonacho mpaka wafikie hali ya Full, yaani hifadhidata zao zimelingana. Wakikwama kwenye ExStart, hali ya mwanzo wa ulinganisho huu, angalia MTU (ukubwa wa juu wa pakiti inayoruhusiwa) kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya 3: Kusambaza matangazo. Kila ruta hutangaza viungo vyake na gharama zake. Tangazo hupita kutoka ruta hadi ruta ndani ya eneo, na hakuna wa katikati anayeruhusiwa kubadili maelezo ya mwenyewe. Ndiyo maana naiamini ramani hii: kila kiungo kimeelezwa na ruta iliyokishika. Namba ya mfuatano huonyesha lipi ni jipya. Mwenye tangazo hulitoa upya kila dakika 30. Likifikisha dakika 60, huondolewa.

Hatua ya 4: Kukokotoa njia. Sasa wote wana ramani moja, na kila ruta hujiweka kwenye shina la mti kwa kutumia algorithimu ambayo Dijkstra aliichapisha mwaka 1959. Tuseme A–B ni 10, B–C ni 10, na A–C ni 30. A itamfikia C kupitia B, kwa gharama ya 20, ingawa wana kiungo cha moja kwa moja.

Gharama zenyewe zikague. Ruta nyingi hugawanya megabiti 100 kwa kasi ya kiungo, na gharama haishuki chini ya 1, hivyo kiungo cha megabiti 100 na cha gigabiti 1 vyote hupata 1. Pandisha kiwango hicho cha rejea (zile megabiti 100 zinazogawanywa), kwenye ruta zote.

Hatua ya 5: Kujaribu. Zima kiungo A–B. A na B watatoa matangazo mapya, kila ruta itakokotoa upya, na kwenye jedwali la A njia ya kwenda C itasomeka 30.